Mahali pa Kukaa kwa Yule Anayetaka Kuacha Pombe

Mazungumzo juu ya amani, yameandikwa kama yalivyosemwa redioni

Ninawasalimu ninyi wa Butembo, katika komini za Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Ninawasalimu wa Beni, katika Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Ninawasalimu pia wa Oicha, wa Mangina, wa Kasindi, wa Lubero, na wote ambao betri ya redio imewaruhusu kutusikia jioni hii. Na wewe ambaye hukusikia sauti, lakini unasoma karatasi hii chini ya hema ao ndani ya nyumba ya jamaa aliyekupokea, maneno haya ni yako vilevile.

Mama mmoja ametuletea barua. Imeandikwa na mtoto wake wa shule, kwa mwandiko mzuri. Jina lake sitalitaja. Anatoka kijiji kimoja upande wa juu ya Oicha. Walikimbia wakiwa watu saba, sasa wako Butembo katika chumba kimoja cha kupanga. Bwana yake alikuwa mkulima wa kakao. Tangu walipohama hana shamba, hana usingizi, na kila jioni anakunywa kanyanga. Mama huyu hakutuandikia ili tumgombeze bwana yake. Anasema hivi: “Yeye mwenyewe amechoka. Usiku ule alilia, akaniambia anataka kuacha. Sasa aende wapi?”

Nimekaa na swali hilo siku nyingi. Tumezoea kumwambia mlevi aache. Padri anamwambia aache, pasta anamwambia aache, mama mkwe naye anamwambia aache. Lakini siku anapokubali na kuuliza njia, sisi wote tunanyamaza. Leo tuzungumze juu ya njia hiyo.

Labda mzee mmoja atauliza: hii ni saa ya amani, pombe imeingiaje? Mzee wangu, fikiria kesi zilizoletwa mbele yako tangu mwaka uanze. Ngapi zilianzia kwenye glasi? Mtu amekopa kwenye nganda, amekataa kulipa, wamepigana. Kijana amelewa, amemtukana mwenye nyumba aliyepokea familia yake, na asubuhi mtaa mzima unasema, “wale waliotoka kule ni watu wabaya.” Baba ameuza unga wa msaada kabla mama hajarudi kutoka kisimani. Neno la kabila ambalo mtu mwenye akili timamu angelimeza, mlevi analitema mbele ya watu, na kesho lina miguu, linatembea. Vita vyetu vina mizizi mingi, sitasema pombe ndiyo iliyovileta. Lakini katika mtaa ambao wenyeji na wageni wanagawana choo kimoja na bomba moja la maji, ulevi ni kiberiti kando ya majani makavu.

Tena tusiwahukumu haraka. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wa Beni wanazika waliochinjwa. Mwaka 2018, tarehe 1 Agosti, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu, ukaendelea mpaka tarehe 25 Juni 2020. Zaidi ya watu 2.200 walikufa, na wengi hatukuruhusiwa hata kuwaosha. Mwezi wa Juni 2024 Kanyabayonga ikaanguka mikononi mwa M23, na watu wakapanda wakielekea Lubero na Butembo na magodoro kichwani. Mtu aliyeona mambo hayo, kila akifumba macho anayaona tena. Anagundua kwamba glasi mbili zinamfunika mpaka saa nane za usiku. Baada ya miezi sita glasi mbili hazimfuniki tena, zinakuwa tano. Hiyo ndiyo njia ambayo watu wengi waliingilia. Hawakuingia kwa sherehe.

Na neno moja juu ya pombe zetu. Kasiksi ya ndizi ilikuwa kinywaji cha wazee. Ilinywewa siku ya mahari, siku ya kupatanisha ndugu, siku ya kuvuna. Ilikuwa na saa yake na watu wake. Kanyanga ni kitu kingine: imepikwa, mvuke wake umekusanywa, nguvu yake ni mara nyingi kuliko ya kasiksi, na inanywewa asubuhi bila chakula. Hata vishupa vidogo vya plastiki vinavyouzwa kwa franga chache ni vya namna hiyo. Mwenye kusema, “baba yangu alikunywa maisha yake yote, akafa mzee,” hafananishi vitu vya namna moja.

Utajuaje kama umefika mahali pa kutafuta msaada? Usihesabu chupa, jihesabu mwenyewe. Umejiahidi kuacha mara tatu ukashindwa? Unaficha chupa? Mikono inatetemeka asubuhi mpaka unywe kidogo? Unakunywa peke yako ili usizungumze na mtu? Umelipa deni la nganda kabla ya kulipa shule? Ukijibu ndiyo kwa maswali mawili ao matatu, shida yako sio utundu, wala sio mapepo aliyokutumia jirani. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu hali hiyo kati ya magonjwa. Ugonjwa hauondoi lawama yote, maana aliyempiga mke wake amempiga. Lakini ugonjwa una matunzo, na hiyo ni habari njema.

Sasa kikundi ni nini? Acha niwaambie habari ya watu wawili wazungu, maana jambo lenyewe lilianza kwa unyonge sana. Mwaka 1935, Marekani, katika mji wa Akron, mtu mmoja wa biashara anayeitwa Bill alikuwa amesafiri. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara yake ilikuwa imevunjika, akabaki hotelini bila pesa, na upande mmoja wa ukumbi anasikia kelele za baa. Akajua kwamba akiingia pale amekwisha. Akaenda kwenye simu, akaanza kupigia viongozi wa makanisa akiwaomba wamwonyeshe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Musikie vizuri: hakuomba daktari wala mhubiri, aliomba mlevi. Wakampatia daktari mmoja wa upasuaji, Bob, mlevi wa miaka mingi. Daktari alikubali kumsikiliza dakika 15 tu. Wakakaa masaa mengi mpaka usiku. Tarehe 10 Juni mwaka ule Bob alikunywa glasi yake ya mwisho, na siku hiyo inahesabiwa kuwa kuzaliwa kwa chama kinachoitwa kwa Kifaransa Alcooliques Anonymes, maana yake walevi wasiotaja majina yao. Leo vikundi vyake viko katika nchi karibu 180. Kampala viko, Nairobi viko.

Siri yake yote iko pale pale kwenye mazungumzo ya watu wale wawili: aliyekunywa anamsaidia aliyekunywa, na kwa kumsaidia anajisaidia mwenyewe. Mlevi amesikia mahubiri mengi kutoka kwa watu safi. Lakini anapomsikia mtu akisema, “Mimi niliuza viatu vya mtoto wangu,” anainua kichwa. Huyu anajua.

Sheria ya kuingia ni moja tu: uwe na nia ya kuacha. Hawaulizi dini, kabila, chama cha siasa, wala kama ni mwenyeji ao umehama. Hakuna ada. Wanaotaka wanatoa kitu kidogo cha kununulia majani ya chai, na asiye na kitu hatoi. Tena, na hapa nisikilizwe na ninyi ndugu zangu muliozoea semina, vikundi hivyo havipokei pesa kutoka nje. Hakuna atakayekupa franga za transport wala sabuni kwa sababu umehudhuria. Najua kwetu mkutano bila kitu cha kurudi nacho nyumbani unaonekana kama mchezo. Lakini fikiria: kama watu wangelipwa kwa kuwa walevi, nani angepona?

Kuna chama kingine cha zamani zaidi, Croix-Bleue, yaani Msalaba wa Bluu, kilichoanzishwa Geneva mwaka 1877, kinachofanya kazi hiyo kwa njia ya Kikristo, na kimefika Afrika. Na kwa ajili ya jamaa za walevi, tangu mwaka 1951 kuna vikundi vinavyoitwa Al-Anon, ambamo wake, waume na wazazi wanakaa wao kwa wao. Mama aliyetuandikia, hata wewe una mahali pako.

Mutaniuliza: basi kwetu ni avenue gani, siku gani, saa ngapi? Hapana, sitataja redioni. Mahali palipotangazwa kwenye redio hapana siri tena, na vikundi vyetu vinahama kama watu wanavyohama. Kikundi kilichokaa mwaka jana nyuma ya kanisa kinaweza kuwa leo katika darasa la shule. Nitawaambia namna ya kuuliza, maana anayejua kuuliza atafika hata kama amehama tena.

Anza kwenye kituo cha afya cha mtaa wako, ao kwenye hospitali kubwa iliyo karibu: Kitatumba ao Katwa kwa watu wa Butembo, hospitali kuu ya Beni, hospitali ya Oicha. Usiseme mbele ya watu wote kwenye benchi. Omba kuzungumza na infirmye faraghani, useme maneno haya, hata uyakariri njiani: “Ninakunywa, ninataka kuacha. Nani hapa anashughulika na afya ya akili? Munajua watu walioacha pombe wanaokutana?” Maswali mawili tu. Wakati wa Ebola watu wengi wa kwetu walifundishwa kazi ya kusikiliza na kufariji familia. Wengine wako bado katika mitaa yetu, kazi ile ilikwisha lakini masikio hayakwisha. Muulize hata mhamasishaji wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, kama ni mtu anayejua kufunga kinywa.

Pili, kanisani ao msikitini. Karibu kila parokia, kila kanisa la CBCA, la Anglikana, la Waadventisti, lina mtu mmoja ambaye wote wanamjua: alikuwa mlevi sana, sasa miaka kadhaa hanywi. Huyo mtafute. Ni mwalimu wako kuliko mimi ninayesema hapa. Mwombe mukae pamoja saa moja tu. Kama kuna kikundi, yeye anakijua. Kama hakuna, ninyi wawili mumekwisha kuwa kikundi, kama wale wa Akron.

Tatu, simu. Alcooliques Anonymes wana mikutano ya Kifaransa inayofanyika kwa intaneti, na mtu anaweza kusikiliza bila kuonyesha uso wake. Ni njia nzuri kwa mwalimu, kwa askari polisi, kwa mama ambaye hawezi kuonekana. Ubaya wake ni vifurushi vya mega, ambavyo vinaisha haraka, na mtandao ambao unajua kupotea wakati ule ule mtu anapoanza kusema jambo la maana. Itumie, lakini usiache kutafuta mtu wa kushikana naye mkono.

Kabla ya kwenda mbali, kuna onyo, na ninaomba wakubwa wa mitaa walikamate vizuri kwa sababu linaua watu. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula peke yake nyumbani. Mwili umezoea, na ukinyimwa kwa mara moja unapigana. Siku ya kwanza anatetemeka, anatoka jasho, anatapika. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuchanganyikiwa kabisa, kuona vitu ambavyo haviko, kupiga kelele usiku. Kwetu watu wanasema amerogwa, wanamfunga kamba, wanamwombea wakimzuia asile wala kunywa maji, na anakufa. Huyo apelekwe hospitalini usiku ule ule. Waganga wana dawa za kutuliza mwili kidogo kidogo na vitamini ya kulinda ubongo. Kwa hiyo, aliye na mitetemeko ya asubuhi aone infirmye kwanza, kikundi baadaye. Na yeyote aliyekunywa kanyanga kisha macho yakaanza kuona ukungu na kichwa kuuma sana, asingoje kupambazuka: pombe ile inaweza kuwa na sumu inayopofusha.

Basi umepata kikundi, na leo ni siku yako ya kwanza. Utafika mlangoni na moyo utakuambia urudi. Usirudi. Fika mapema kidogo, maana kuingia wakati wote wamekaa ni vigumu zaidi. Utakuta watu sita, kumi, pengine wawili. Utaona benchi, pengine birika la chai. Hakuna meza ya wakubwa. Mmoja anafungua mkutano, kwa dua fupi ao bila dua, anakumbusha kwamba yatakayosemwa hapa yabaki hapa. Kisha mtu mmoja anasema jina lake moja tu, anasema kwamba ni mlevi, na anasimulia. Wengine hawamkati, hawamshauri, hawamcheki. Akimaliza wanamshukuru. Anafuata mwingine. Zamu ikifika kwako unaweza kusema, “Leo ninasikiliza.” Inatosha. Wengine wamesikiliza mara tano kabla ya kufungua kinywa.

Wazee wa Kinande wataona kwamba jambo hili si geni sana. Kwenye kyaghanda wanaume walikaa kuzunguka moto, kila mtu akasema kwa zamu, na vijana wakajifunza kwa kusikia. Tofauti ni kwamba kwenye kyaghanda kulikuwa na mzee wa kukata shauri, na hapa hakuna anayekata shauri juu ya mwingine. Tofauti nyingine ni kwamba si nyumba ya kabila moja. Kwa hiyo ninaomba: kama kati yenu kuna hata mmoja asiyesikia Kinande, museme Kiswahili. Mtu aliyehama akikaa saa nzima bila kuelewa neno atafikiri munamsema yeye, na hatarudi.

Hawatakuambia uape kwamba hutakunywa maisha yako yote. Watakuambia: usikunywe leo. Kesho tutaangalia kesho. Kwa mtu aliyevunja viapo ishirini mbele ya mke wake na mbele ya altare, neno hilo ni jepesi kubeba. Utakaporudi nyumbani utakuwa na jina la mtu mmoja wa kumwendea saa ile tamaa inapokukamata, ambayo mara nyingi ni saa kumi na mbili za jioni, wakati nganda zinafungua muziki.

Nina neno kwa wamama. Mwanaume mlevi anachekwa, lakini mwanamke mlevi anafukuzwa. Kwa hiyo mama anakunywa jikoni, ndani ya kikombe cha chai, na watu wanashangaa anapoanza kukonda. Katika mchanganyiko wa wanaume hatasema yaliyompata, hasa kama yaliyompata njiani wakati wa kukimbia ni yale ambayo wanawake wengi wa jimbo letu yamewapata. Wamama watatu wanaweza kukaa peke yao, siku yao, mahali pao. Kama mumezoea kukutana kwa likirimba ao kwa AVEC, musizungumze jambo hili mbele ya kitabu cha pesa. Chagueni saa nyingine.

Sasa ninyi wakubwa: shefu wa kartie, shefu wa avenue, nyumba kumi, marais wa kambi za waliohama. Munaweza kukisaidia kikundi na munaweza kukiua, wakati mwingine kwa nia njema. Ninajua munaulizwa na walio juu yenu juu ya kila mkutano, hasa tangu utawala wa dharura wa kijeshi ulipowekwa mwezi wa Mei 2021. Watu kumi wanaokutana bila bango na bila orodha wanaleta wasiwasi. Kwa hiyo kikundi kimtume mtu mmoja ambaye hajali kujulikana, aende kwa shefu, aseme mahali, siku na saa, na kwamba ni mkutano wa watu wanaoacha pombe. Shefu akubali kujua hayo na asitake zaidi. Ukidai orodha ya majina, kikundi kimekufa siku ile. Usitume kijana wa kusikiliza dirishani. Na usimhukumu mlevi kwa kumwambia, “faini yako ni kwenda kwenye kikundi mara nne.” Mwonyeshe mlango, lakini usimsukume. Anayekuja kwa kusukumwa anakaa akiangalia saa, na anawasumbua waliokuja kwa miguu yao.

Msaada wenu mkubwa ni chumba na saa. Chumba cha shule baada ya masomo, ukumbi wa parokia siku ambayo kwaya haifundishwi. Saa iwe ya mchana, watu warudi nyumbani kabla ya giza, kwa maana hakuna uponyaji unaostahili mtu akutwe njiani usiku kwetu. Pasiwe mbali hata mtu ashindwe kufika kwa miguu, maana anayedaiwa na nganda hana pesa ya motari. Na mwenye silaha, awe wa jeshi, wa polisi ao kijana wa kundi lolote, ana haki ya kupona kama mwingine, lakini bunduki na uniforme vibaki kwingine. Akikataa, mkutano ufungwe kwa upole, watu waende nyumbani.

Kuna jambo gumu ambalo siwezi kuliruka. Ni nani anapika kanyanga? Mara nyingi ni mama aliyehama, hana shamba, ana watoto watano, na pipa lile ndilo linalolipa shule. Nimeona mahali ambapo vijana wa usalama walivunja mapipa mbele ya watu, wakapigiwa makofi. Juma lililofuata mama yule alikuwa anapika usiku, porini, kwa hatari zaidi, na walevi hawakupungua hata mmoja. Sikubaliani na kazi ya namna hiyo. Lakini sikubali pia kusema kwamba haituhusu. Mama anayepika anaweza kuombwa mambo ambayo anaweza kuyatimiza: asiuzie mtoto, hata akitumwa na baba yake, asiuzie kwa deni, asiuze asubuhi, na akijua kwamba fulani anajaribu kuacha, asimwite akipita. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kisha AVEC ya mtaa imfikirie kwa mkopo mdogo wa kuanza kuuza kitu kingine, unga, maharagwe, makala. Asifukuzwe kwanza, atafutiwe kwanza.

Turudi kwa barua ya mama. Mama, siku bwana yako atakapotoka kwenda kwenye kikundi, usimfuate nyuma kuhakikisha, wala usimwulize akirudi wamesema nini. Hatakuambia, na asipokuambia anafanya vizuri. Usimwage chupa yake kwa siri, maana atanunua nyingine na mutagombana juu ya pesa. Zungumza naye asubuhi, akiwa hajanywa, useme neno moja: “Watoto wanakuogopa jioni.” Kisha nyamaza. Na akikupiga, usivumilie kwa kungoja kikundi kimponye. Nenda na watoto kwa jamaa ao kwa mama wa jumuiya, mwambie shefu, nenda kwenye kituo cha afya ukatibiwe. Kupona kwake na usalama wako ni mambo mawili, na la pili halingoji la kwanza.

Ataanguka pengine. Wengi wanaanguka, mwezi wa kwanza, ao siku ya matanga, ao siku habari mbaya zinapofika kutoka kijijini. Siku hiyo majirani watasema, “si tulisema?” Kwenye kikundi hawasemi hivyo. Wanamvutia benchi.

Fundi wa mitambo ananionyesha saa. Lakini kuna kikaratasi kilicholetwa na motari mlangoni mwa studio wakati tulipokuwa tunaanza, hakina jina, kinauliza jambo moja: “Je, ninaweza kuja kwenye kikundi nikiwa nimekunywa?” Ndugu, ndiyo. Njoo. Usipige kelele, kaa nyuma, sikiliza. Siku hiyo usiombe kusema, utasema siku nyingine. Ukihisi kwamba huwezi kutulia, ngoja nje karibu na mlango, na wakitoka mwambie mmoja wao kwamba utarudi. Kisha urudi.